Waacheni Watoto Wakoroge Unga

Kuna neno moja lisemwalo katika majumba yetu, nalo aghalabu husemwa kwa ukali: "Usinichezee unga!" Huambiwa msichana aliyechukua bakuli akataka kukoroga kaimati kwa namna aliyoifikiria mwenyewe. Kijana mwanamume naye huambiwa hivyo hivyo, tena akaongezewa na kicheko. Neno hilo lina sababu zake, wala sitaki kumlaumu mama alisemaye. Unga hununuliwa, mafuta hununuliwa, na nazi siku hizi mtu huigeuza-geuza mkononi mara mbili tatu kabla ya kutoa pesa. Hata hivyo nasema leo waziwazi kwamba neno hilo linatugharimu zaidi ya huo unga wenyewe.

Pita asubuhi yoyote katika mitaa ya Mombasa, ukitoka Kibokoni hadi Majengo, utawaona watoto wametumwa na vyombo mikononi: huyu kaenda kununua mahamri, yule mbaazi za nazi. Jioni ni viazi karai, bajia, mihogo ya kukaanga na kachiri. Simwonei uchungu anunuaye. Mtu aliyetoka kazini amechoka ana haki ya kula cha mwenziwe. Kinisikitishacho ni ile nyumba ambayo hakuna hata mtu mmoja ndani yake ajuaye kukanda donge la mahamri likafura. Zamani ujuzi huo ulikuwa katika kila nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mkono wake: mahamri ya kwa fulani yalijulikana kwa iliki, mkate wa sinia wa kwa fulani ulijulikana kwa ulaini. Leo bibi mmoja akifariki, huenda tukazika pamoja naye mapishi ya ukoo mzima.

Tumeangalia sana mawe. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, na Fort Jesus ikafuata mwaka wa 2011. Mtu akitaka kubomoa ukuta kule ataulizwa. Mwaka wa 2021 UNESCO hiyo hiyo iliitaja Kenya kwa kazi yake ya kuhifadhi vyakula vya kiasili na desturi zake, kazi iliyoanza kwa mboga za kienyeji. Ni jambo la kushukuru. Lakini ukuta husimama wenyewe hata mwenye nyumba akiwa amelala, na vibibi havisimami hivyo. Visipopikwa wiki hii na wiki ijayo, mkono husahau, na orodha iliyoandikwa mahali haitakaanga hata kimoja.

Wako watakaoniambia kwamba kwa sababu hiyo hiyo mapishi yasiguswe: ni amana tuliyoachiwa na wazee, na amana haichezewi. Hoja hii ni nzito, nami nataka kuijibu kwa kirefu kidogo. Hebu tuitazame amana yenyewe.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka wa 1331, akalala usiku mmoja tu, aliandika kwamba aliwakuta watu wa dini, wema, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. (Hilo wazee hupenda kulikumbusha, na wana haki.) Akasema pia kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka hawakuwa wakilima bali waliletewa. Huko Mogadishu alikopita kwanza alipakuliwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake pana vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Akapewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi na embe. Someni habari hiyo mtulie. Hamna mahamri ndani yake, wala katlesi, wala viazi karai, wala muhogo wa nazi. Hata pilipili zetu hizi kali zimtoazo mtu machozi hazimo. Na hazingeweza kuwamo, kwa maana muhogo, mahindi, viazi, pilipili kali, nanasi na papai asili yake ni bara la Amerika, na vilianza kuvuka bahari baada ya mwaka wa 1492. Huku kwetu vingi vilipitia mikononi mwa Wareno, ambao walifika Mombasa na Malindi na Vasco da Gama mwaka wa 1498. Viazi vyenyewe vilichelewa zaidi. Vilifika Kenya mwishoni mwa karne ya 19.

Basi chukua kiazi karai kimoja ukitazame. Kiazi kimetoka katika milima ya Amerika ya Kusini. Unga wa rojo na ile manjano iliyokipaka rangi ni mapishi ya Kihindi. Karai lenyewe limekuja na jina lake kutoka Bara Hindi. Ukwaju wa kuchovyea umeota hapa Afrika. Ukiviweka vyote pamoja, ndipo unapata kitu ambacho mtu wa Mombasa akiwa London au Muscat hukililia. Nani aliyekiunda? Jina lake halikuandikwa popote. Lakini nina hakika kwamba siku alipochukua kiazi cha kuchemsha, kitu kizuri kilichokwisha kuiva, akakitosa katika rojo la manjano, palikuwa na mtu nyuma yake aliyesema, "Wewe, usinichezee unga!"

Kaimati nazo ni vivyo hivyo. Jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya matonge madogo, na huko Ghuba bado wanazila jioni za Ramadhani kama sisi. Sambusa imetoka Uajemi, ikazunguka Bara Hindi na Arabuni kabla ya kutufikia. Halwa tumeipata kwa ndugu zetu wa Omani. Mahamri jina lake ni la chachu, yaani hamira, na huo unga wa ngano si wa mashamba yetu ya mwambao; ngano hupenda baridi ya Narok na Uasin Gishu. Sisi tulichofanya ni kuuchukua unga mgeni, tukaukanda kwa tui la nazi badala ya maji au maziwa, tukautia iliki, tukaukata pembe, tukaukaanga. Jaribio hilo lilifaulu hata tukalisahau kuwa ni jaribio. Kwa hivyo anayesema amana haichezewi, nami namwambia kwamba sehemu kubwa ya amana hii ni mchezo wa wazee wetu uliofanikiwa.

Sisemi kwamba kila kitu kifanywacho jikoni ni maarifa. Pana kujaribu na pana kubahatisha, na tofauti yake ni kubwa. Abahatishaye humwaga, hukoroga, hukaanga, kisha hula au hutupa, na kesho haelewi kwa nini jana ilikuwa tamu na leo ni mawe. Ajaribuye hubadili kitu kimoja tu, vingine akaviacha kama vilivyokuwa, akatazama. Hapo ndipo watoto wetu wanapohitaji msaada wa mama zao na bibi zao, kwa sababu wakubwa wengi wetu tulifunzwa kwa neno "kisia." Umwulize bibi, "Nitie tui kiasi gani?" Atakujibu, "Tia mpaka unga ukubali." Jibu hilo ni la kweli kabisa, na kwa mtoto ni fumbo tupu. Mkono wa bibi una miaka 50 ya kukanda. Wa mtoto una siku mbili.

Na tusidanganyane kwamba vipimo ni mambo ya kizungu. Wazee walikuwa na pishi na kibaba, na pishi moja ni vibaba 4; ni kipimo tukijuacho hata katika zakatulfitri. Watu waliopima nafaka ya maskini kwa uangalifu namna hiyo hawawezi kuambiwa kwamba walikuwa wakikisia kila kitu.

Basi acheni nitoe mfano mmoja wa jaribio, atakaye aufanye nyumbani. Chukua unga wa ngano nusu kilo, ambao ni vikombe 4 hivi, sukari nusu kikombe, hamira vijiko vidogo 2, iliki iliyopondwa kijiko kidogo 1. Tui zito litakalohitajika ni kikombe 1 na robo, pengine na kidogo zaidi, kwa maana unga si wote unaokunywa sawa. Changanya vikavu, kisha uvigawe mafungu matatu yaliyo sawa. Fungu la kwanza kanda kwa tui lililotoka motoni linafuka moshi. La pili kwa tui la uvuguvugu ambalo kidole hustahimili bila taabu. La tatu kwa tui lililotoka katika friji. Yafunike yote matatu kwa kitambaa, uyaweke mahali pamoja. Kwa joto letu la pwani, baada ya saa moja au zaidi kidogo utaona fungu la pili limefura likawa maradufu. La tatu litakuwa linajivuta. Nalo litafura, lakini litakuchelewesha. La kwanza litakuwa limelala pale pale ulipoliacha. Hamira ni kitu chenye uhai, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hula sukari vikatoa hewa, na hiyo hewa ndiyo ifurishayo donge. Ukivimwagia tui la moto umeviua. Msichana wa miaka 10 aliyeona mafungu hayo matatu kwa macho yake hatapigiwa tena kelele maishani mwake kuhusu tui la moto.

Akishajua hilo, mpeni la pili: sukari. Wengi hudhani ukizidisha sukari utapata mahamri matamu zaidi na hapo mambo yamekwisha. La, sukari nyingi huilemea ile hamira, donge likachelewa kufura. Na yakiingia mafutani huwahi kuwa meusi nje kabla ya ndani kuiva. La tatu ni moto. Mafuta yakiwa baridi, hamri hunywa mafuta likawa zito na halitunguki. Yakiwa makali mno, huungua. Na ule ujanja wa akina mama wa kuteka mafuta kwa upawa na kulimwagia hamri mgongoni mara litiapo mafutani si mbwembwe. Joto la juu na la chini hugeuza majimaji ya ndani kuwa mvuke kwa pamoja, ngozi zote mbili zikaachana, hamri likavimba na kuwa wazi katikati. Mtoto ajuaye sababu hii hahitaji kukaririshwa.

Mkate wa sinia nao una somo lake. Mchele hulazwa majini usiku kucha, ukasagwa kwa tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, na wengine huongeza ute wa yai. Ukishaumuka humiminwa katika sinia au sufuria iliyopata moto, ukapikwa makaa chini na makaa juu. Mchele hauna ule mvuto wa ngano ambao hushika hewa isitoroke, kwa hivyo rojo likiwa jepesi hewa yote hupotea, ukapata mkate mzito kama kandambili. Walio na mashine ya kusagia ya umeme hukosea mahali pamoja: huizima mapema, chembe zikabaki, mkate ukawa na mchanga mdomoni. Na walio na jiko la gesi hulalamika kwamba juu hakugeuki rangi. Bila shaka hakugeuki, kwani makaa ya juu yamekosekana! Upikeni kwa moto mdogo hadi chini kushike, kisha muutie katika tanuri lenye moto wa juu, kama lipo. Na kama halipo, makaa machache juu ya mfuniko wa bati yatatosha. Mimi naliona hili kuwa jaribio halisi la siku zetu. Moto umebadilika, nasi tunataka mkate ubaki ule ule.

Mwaka wa 2020 ulitufunza mengi katika jambo hili, tukitaka tusitake. Mwishoni mwa Machi serikali ilipiga marufuku kutembea usiku kwa sababu ya korona, mwezi wa Aprili kuingia na kutoka Mombasa kukazuiliwa, na Ramadhani ikatukuta katika hali hiyo. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, watu wasitoke wala wasiingie, na mikahawa na masoko ya humo yakafungwa. Jioni za Ramadhani zilizozoea harufu ya bajia na mishkaki barabarani zikawa kimya. Msikiti ulikuwa mbali, tarawehe zikasaliwa majumbani, na vitafunio vikatafutwa jikoni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuvitafuta. Wasichana waliokuwa hawajui kumenya kitunguu wakajifunza kukunja manda za sambusa. Wanaume walioachishwa kazi hotelini waliingia jikoni kwao kwa mara ya kwanza wakiwa na wakati. Palipikwa vitu vizuri na palipikwa vioja. Na haya mambo mawili yalikwenda pamoja, kwa maana aliyepika kioja wiki ya kwanza ndiye aliyepika kitu kizuri wiki ya nne.

Kisha mwaka wa 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano na ya mafuta ya kupikia, nasi Kenya ngano yetu nyingi hutoka nje. Hapo majaribio yakawa ya lazima. Nyumba nyingi zilirudia muhogo, na hapa napenda kuusifu muhogo bila haya. Katlesi ya muhogo ni chakula cha heshima. Uchemshwe mpaka uive hasa, utolewe ule mzizi wa kati, upondwe ungali moto kwa sababu ukipoa hugeuka ukawa mgumu, kisha ukunjwe na nyama ya kusaga au samaki aliyechambuliwa, pamoja na dania, ndimu na pilipili. Muhogo hunata kuliko kiazi, kwa hivyo katlesi haivunjiki mafutani. Nimewaona watu wakila kwa kujificha wakidhani ni chakula cha shida. Basi hiyo pilau nayo, si ilianza kwa mtu kutumia alichokuwa nacho?

Lakini mhariri asiyekataa chochote hana kazi, nami ninayo ninayoyakataa.

Nakataa kwanza mashindano ya sukari na rangi. Siku hizi mtu akitaka kuonyesha kwamba amebuni kitu kipya humwaga chokoleti juu ya kila kitu, juu ya mahamri, juu ya vitumbua, na kaimati ameziogesha ndani yake. Hiyo chokoleti hunyamazisha iliki, hunyamazisha nazi, na kila kitu kikawa na ladha moja. Pia tuangalie miili yetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko vidogo 12, ukihesabu na ya chai na ya sharubati. Sahani moja ya kaimati zilizolala katika shira, na bilauri ya sharubati kando, utakuwa umeimaliza hesabu hiyo kabla ya kuinuka mkekani. Ugonjwa wa sukari hauko mbali nasi. Hakuna ukoo usiokuwa na mzee wake anayechomwa sindano. Hapa ndipo jaribio la maana lilipo. Tambi za nazi zikitiwa tende zilizokatwakatwa, sukari hupunguzwa nusu, na mlaji haoni kwamba amenyimwa kitu. Tende zenyewe hatukosi, na sote twajua sunna ya kufuturu kwazo. Kuna pia barafu za ukwaju na za ubuyu ambazo watoto huzipenda. Ukizitengeneza nyumbani, wewe ndiye mwenye kijiko cha sukari, na rangi ile nyekundu ipakayo ulimi hadi siku ya pili si lazima kuitia.

Nakataa pili kubadilisha kitu hadi kisibaki chochote, kisha kukiita kwa jina la zamani. Sambusa iliyopakwa mafuta kidogo ikachomwa katika tanuri huenda ikamfaa mgonjwa, na ni halali yake kuila, lakini ni kitu kingine. Kipewe jina lake, kisitusumbue. Na supu iliyokolezwa kwa kidonge cha dukani, bila mfupa wala ndimu wala pilipili manga, mtu asiniambie ni ya bibi yake.

Na tatu nakataa ubadhirifu. Dini yetu imetukataza israfu kwa maneno yasiyohitaji mfasiri. Nusu kilo ya unga inatosha kujifunzia. Hakuna haja ya kuharibu kilo 2. Kilichoshindwa kuwa mahamri huweza kukatwa vipande vidogo kikakaangwa kikawa cha chai ya saa kumi. Tena jaribio lina wakati wake: jaribuni mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikikaribia mwe mmekwisha kujua. Kuwafanyia majaribio watu waliofunga tangu alfajiri, adhana ya magharibi imebaki dakika 10, ni kuwaonea.

Liko jambo la wavulana, nalo halinipi haya kulisema. Mama hucheka akimwona mwanawe ameshika upawa, na baba hukunja uso. Je, ni nani apikaye biriani za harusi zetu na za maulidi, katika yale masufuria yasiyoweza kuinuliwa na mtu mmoja? Ni wanaume. Ni nani ageuzaye halwa kwa mwiko mrefu saa nzima na zaidi, jasho likimtiririka? Ni wanaume. Mabaharia wa majahazi walipikiwa na nani baharini? Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, imepokewa kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani mwake katika kazi zao. Basi aibu hii tumeitoa wapi? Kijana aendaye kusoma Nairobi, au kutafuta kazi Dubai au Doha, akiwa hajui hata kuchemsha mbaazi, atakula mikate ya dukani na kuugulia tumbo mbali na kwao. Mfundisheni angali chini ya paa lenu.

Nilipowaeleza watu fikira zangu hizi, hoja iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya wale akina mama wauzao. Waliniuliza, kila nyumba ikijipikia, wao watamwuzia nani? Wako wajane waliosomesha watoto kwa mahamri na mbaazi, wakiamka saa nane za usiku kukanda. Sitaki kuandika neno litakaloondoa riziki yao. Lakini nionavyo mimi, adui wao si mtoto akorogaye bakuli la kaimati mara moja kwa wiki. Mtoto huyo, akijua taabu ya kukuna nazi kwa mbuzi na kukamua tui kwa kifumbu, ndiye atakayejua thamani ya hamri la kununua, na hatabishana juu ya shilingi. Anayewaumiza ni yule aliyepoteza ladha, ambaye kwake hamri la tui na hamri la maji na rangi ni sawa, mradi liwe rahisi. Mnunuzi asiyejua kitu kizuri hununua kilicho duni. Na tukumbuke kwamba wengi wa hao wauzao walianza kwa kujaribu majumbani, majirani wakaonja, wakaagiza.

Sasa tufanye nini? Mimi sina imani na makongamano katika jambo hili. Nataka kila nyumba iwezayo itenge nusu kilo ya unga kwa wiki, au kibaba cha mchele, au mihogo mitatu, iitwe ya watoto. Siku ambayo chuo kimefungwa, wasichana na wavulana waingie jikoni pamoja, mtu mzima awepo kwa ajili ya mafuta ya moto, kwa maana hapo hapana mzaha. Wajue kwanza kukipika kitu kama kilivyo, mara mbili au tatu, mpaka bibi akubali. Baadaye ndipo waruhusiwe kubadili kitu kimoja, wakaeleza kwa nini wamekibadili. Bibi naye nataka apewe kazi mpya. Akisema "tia mpaka unga ukubali," mjukuu aliyekaa kando amshike mkono kwa adabu, amwambie, "Ngoja kidogo, bibi," apime lile tui kwa kikombe kabla halijamwagwa, aandike.

Daftari la hesabu la shule lililobaki kurasa linatosha. Litapata mafuta, litapata unga, kurasa zake zitashikana kwa shira. Liandikwe jina la bibi juu yake, na mahali pake pawe rafuni, kando ya kopo la iliki.